Dada wa nusu siku naye ana mwajiri

Likizo ya uzazi ya siku 84 huisha haraka. Mwalimu wa Katesh au muuguzi wa Haydom hushtukia tarehe ya kurudi kazini imefika na bado hajapata wa kumwachia mtoto. Miaka ya nyuma jibu lilikuwa moja: kuagiza binti kutoka kijijini, Bassodesh au Yaeda Chini, aje akae hapo nyumbani, alale na watoto, aamke wa kwanza. Siku hizi naulizwa zaidi habari za mpango mwingine. Mama anataka mtu mzima wa mtaa huohuo, afike saa moja asubuhi, aondoke saa sita mchana. Saa hiyo mwenye mtoto anarudi kunyonyesha, kwa kuwa sheria ya kazi inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, na jioni bibi au shangazi anashika zamu. Halafu linakuja swali, karibu kila mara kwa sauti ya kujitetea: huyu wa saa tano naye ana mambo ya mkataba na NSSF? Si anakuja tu kunisaidia?

Ana. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, haiangalii kama umemwita kibarua, msaidizi au mtoto wa dada yako. Kifungu cha 61 kinataja dalili kadhaa, na ikionekana hata moja tu, mtu anahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka aliyempa kazi athibitishe vinginevyo. Dalili mojawapo ni kwamba unampangia namna ya kufanya kazi. Nyingine ni kwamba unampangia saa. Nyingine tena, na hii ndiyo inayowashangaza wengi, ni kwamba amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ni saa 45 kwa mwezi, wala si kwa wiki. Anayekuja saa mbili tu kila asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, anazipita. Huyu wetu wa saa tano kwa siku ana saa 130, karibu mara tatu.

Kwa hiyo anayeniuliza namna ya “kujisajili ili niwe mwajiri” ameanzia mwisho. Mtu huwa mwajiri asubuhi ile anapomkabidhi dada mtoto na chupa ya uji. Tanzania Bara haina daftari moja la waajiri wa majumbani ambalo ukijiandikisha umemaliza. Kuna milango midogo kadhaa, kila mmoja na ofisi yake, na kwa mkazi wa wilaya ya Mbulu au Hanang safari ya ofisi hizo kwa kawaida ni ya Babati. Kutoka Katesh ni lami tupu. Kutoka Dongobesh au Haydom wakati wa masika, kila mtu anajua safari hiyo inavyokuwa.

Nianze na mlango unaoogopwa bure, wa kodi, yaani TRA. Kodi ya mshahara haianzi mpaka mshahara uvuke shilingi 270,000 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa Julai 2020. Yaya wa nusu siku hafiki huko. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi nayo inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Nyumba yenye dada mmoja haimo. Tuendelee.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ndiyo yenye uzito. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya hiyo. Fedha ipelekwe ndani ya mwezi unaofuata. Mwajiri anapata namba yake ya uanachama, mfanyakazi anapata yake, na baada ya hapo malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu hata kwa simu, kwa hiyo Babati huendi kila mwezi. Mlango wa tatu ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambako mwajiri wa sekta binafsi anachangia asilimia 0.5 ya mshahara tangu Julai 2022. Hapo mfanyakazi hakatwi hata senti. Dada akiungua na maji ya moto akimwogesha mtoto, mfuko huo ndio unaopaswa kusimama mbele yako.

Asilimia hizo lakini zinahesabiwa juu ya mshahara, na mshahara ndipo penye mtego.

Amri ya Mishahara ya 2022, iliyotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 687 na kuanza kutumika Januari 2023, iliwagawa wafanyakazi wa majumbani katika makundi manne. Wa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa, 250,000. Wa maafisa wenye stahili, 200,000. Hao si wa kwetu huku. Kundi la tatu ni wale ambao hawaishi katika nyumba ya mwajiri, 120,000. La nne ni waliobaki, yaani dada anayelala kwako, 60,000. Oktoba 2025 serikali ilitangaza amri mpya ya sekta binafsi, ya kuanzia Januari 2026, na anayeajiri leo achukue namba za amri hiyo. Mimi naendelea na zile za 2022 kwa sababu ndizo ambazo kaya nyingi zimezisikia, na kwa sababu zinaonyesha jambo ninalotaka lionekane.

Tazama tofauti ya kundi la tatu na la nne. Kitanda, ugali na sabuni vimepewa thamani ya shilingi 60,000 kwa mwezi, nusu nzima ya mshahara. Mwenye nyumba anayejua kuhesabu ataona upesi kwamba kumlaza dada kwake kunapunguza gharama kwa nusu. Na akishalala kwako, saa zake nani anazihesabu? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inasema mwisho ni saa 45 kwa wiki na saa tisa kwa siku, pamoja na mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku. Mapumziko hayo yanaweza kushushwa hadi saa nane kwa makubaliano ya maandishi, pale mfanyakazi anapoishi mahali pa kazi. Kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, dada huamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto, na saa nne usiku bado anaosha vyombo. Hiyo ni siku ya saa 17. Amri ya mishahara haikukusudia kuuza usingizi wake kwa bei ya godoro, lakini ndiko ilikofika, na ningependa wanaoandika amri zijazo waisome tena kwa jicho hilo.

Yaya wa nusu siku anatoka nje ya mtego huo, mradi mwajiri asitumie namba isiyo yake. Makosa ninayokutana nayo ni mawili. Kuna anayechukua 60,000 na kuigawa nusu: “Anafanya nusu siku, nampa 30,000.” Na kuna anayelipa 40,000 akidhani yuko salama, kumbe 40,000 ilikuwa kiwango cha chini cha anayelala kwa mwajiri katika amri ya 2013. Anayerudi kulala kwake, hata kama anakunywa chai na kula mchana kwako, yuko kundi la tatu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Saa 45 kwa wiki ni saa 195 kwa mwezi. Gawanya 120,000 ya amri ya 2022 kwa 195, unapata shilingi 615 na senti kidogo kwa saa. Saa tano kwa siku, siku sita, ni saa 30 kwa wiki, sawa na saa 130 kwa mwezi. Zidisha: shilingi 80,000. Hapo NSSF ni 16,000. Ukikata nusu kwake na kutoa nusu mwenyewe, anapokea mkononi 72,000 na wewe unaongeza 8,000. WCF ni shilingi 400. Gharama yako yote kwa mwezi ni 88,400.

Ni nyingi? Kwa mwenye genge la nyanya pale stendi, ndiyo, na sitamdanganya kwamba si nyingi. Lakini wanaotafuta dada wa aina hii wengi wao ni watumishi wa umma, na kima cha chini cha mshahara wa umma kilipandishwa hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Rais Samia Suluhu Hassan alikitangaza Mei Mosi mwaka huo pale Singida, jirani zetu. Mtumishi aliyeshangilia nyongeza ya zaidi ya theluthi ana kazi kubwa ya kueleza kwa nini dada yake abaki kwenye kiwango cha 2013.

Neno moja kuhusu debe. Huku kwetu mwajiri humfungashia dada mahindi na maharage baada ya mavuno, wakati mwingine na fungu la vitunguu saumu. Ni desturi njema, iendelee. Ila mshahara kwa sheria ni fedha. Debe halipunguzi chochote kwenye ile 80,000.

Sasa karatasi. Watu wengi wa Mbulu na Hanang huchukulia kuandikishana kama dalili ya kutoaminiana. “Mama mwalimu, sisi hatuandikiani, tunajuana,” mzazi wa binti atasema, na mwajiri ataitikia kwa furaha, kwa sababu karatasi ilikuwa inamtisha yeye zaidi. Angetishika kwa sababu nyingine kama angekisoma kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi yake, na kinasema kwamba mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye mwajiri. Dada akisema mlikubaliana 120,000, ni wewe wa kuonyesha kwamba hamkukubaliana hivyo. Kwa hiyo karatasi isipokuwepo, anayebaki bila kinga ni mwenye nyumba.

Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Jina lake, umri, jinsia na makazi ya kudumu. Mahali alipopatikana kwa ajira. Siku ya kuanza. Saa: moja asubuhi hadi sita mchana, Jumatatu hadi Jumamosi. Mshahara, siku ya kulipwa, na makato ya NSSF. Halafu kazi yenyewe, na hapa andika kama unayemweleza mgeni: kumlea mtoto mmoja, kumwogesha, kumlisha, kufua nguo za mtoto. Na yasiyo kazi yake: hachoti maji ya nyumba nzima, hapeleki ng'ombe kwenye josho, hapukuchui mahindi. Nasisitiza mstari huo kwa sababu nyumba nyingi za watumishi huku zina ng'ombe wawili watatu nyuma ya ua, na nimeona yaya wa saa tano akigeuka mchungaji wa saa tisa pasipo mtu yeyote kukaa chini na kukubaliana naye.

Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri ahakikishe kwamba asiyeelewa maandishi anaelezwa kwa namna anayoielewa. Katika wilaya hizi maana yake ni kwamba mama wa Kidatoga kutoka kando ya ziwa Balangida, au bibi wa Kiiraqw aliyeachia shule darasa la tatu, asomewe kwa lugha yake mbele ya mtu anayemwamini. Mwenyekiti wa kitongoji anafaa, na tayari ndiye anayeandika barua ya utambulisho. Nakala moja ibaki kwa dada. Yako uitunze miaka mitano baada ya kazi kuisha, na si vibaya ikawa na picha yake kwenye simu. Waliookoka maporomoko ya tope ya Katesh ya tarehe 3 Desemba 2023 hawahitaji kuelezwa kwa nini karatasi isikae nyumba moja tu.

Kuna sharti moja ambalo ningeliweka mahususi kwa wilaya zetu: likizo. Mfanyakazi anastahili siku 28 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12, na wa nusu siku anazipata kwa kiwango cha mshahara wake. Waajiri wanalalamika kwamba dada “hutoroka” Juni au Julai. Hatoroki. Anakwenda kuvuna mahindi na maharage ya kwao, au mbaazi baadaye kidogo, na hakuna binti wa Gendabi au Daudi atakayeliacha shamba la mama yake ili alee mtoto wa mwingine. Mpangie likizo yake wakati huo tangu mwanzo, iandikwe, na wewe utafute mbadala mapema.

Ule mstari wa “mahali alipopatikana kwa ajira” nao una kazi yake. Kifungu cha 43 cha sheria hiyohiyo ya ajira kinasema mfanyakazi akimalizana na mwajiri mahali tofauti na alikoajiriwa, mwajiri amrudishe yeye na mizigo yake, au alipe nauli. Kwa yaya wa jirani halina maana sana leo. Lina maana siku utakapohamishiwa Dodoma na kumshawishi afuatane nawe. Mabinti wa Mbulu na Hanang wamekwenda kulea watoto Arusha na Dar es Salaam kwa miaka mingi, na wengi wamerudi kwa nauli ya kuchangiwa na abiria, ilhali sheria ilishaagiza nani alipe.

Umri haujadiliwi. Chini ya miaka 14 ni marufuku kabisa kumwajiri. Wa 14 hadi kabla ya 18 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumtoa shuleni, na haruhusiwi kufanya kazi usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Muuguzi wa zamu za usiku anayehitaji mtu wa kulala na mtoto aajiri mtu mzima, na kwa kila saa ya usiku aongeze asilimia 5. Wapo wanaosema binti aliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya kuendelea ni afadhali alee mtoto kuliko kukaa bure. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na mara nyingi huletwa na mwenye kuhitaji dada.

Mtoto wa ndugu je? Binti wa kaka yako anayekaa kwako, unayempangia saa na kumtuma kama dada wa kazi, huku watoto wako wakienda shule? Soma tena dalili za kifungu cha 61. Undugu haumo kati ya vitu vinavyozifuta.

Narudi kwenye milango ya Babati, maana hapo serikali nayo ina lawama. Ufaransa ilipotaka kaya zisajili wafanyakazi wa saa chache, iliunda hati moja, CESU, inayotumika tangu 2006. Mwenye nyumba anajaza saa alizofanya mfanyakazi na mshahara, na chombo cha michango, URSSAF, kinafanya hesabu zote na kukata. Hakuna anayemtaka bibi mwenye yaya wa saa nane kwa wiki ajue sheria ya mafao. Afrika Kusini imeweka kizingiti chake chini zaidi kuliko chetu: mfanyakazi wa nyumbani anayezidi saa 24 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja anaingia kwenye mfuko wa bima ya kukosa ajira. Sisi tuna kila kinachohitajika. Mtendaji wa kijiji au mtaa anamjua mwajiri na anamjua dada. Malipo kwa simu yanafika hadi Basotu. Kinachokosekana ni fomu moja ya kaya, ya NSSF na WCF kwa pamoja, inayojazwa ofisi ya kata, ikiuliza mambo manne tu: nani, wapi, saa ngapi, kiasi gani. Leo mama mwenye dada mmoja anaingia kwa utaratibu uleule wa kampuni yenye mahesabu na mhasibu. Haishangazi kwamba wengi hawaingii. CHODAWU, chama chenye wafanyakazi wa majumbani ndani yake, kingefanya vyema kuidai fomu hiyo kwa nguvu ileile kinayoidai mishahara.

Kabla fomu hiyo haijaja, tufanye kwa njia iliyopo. Na tujue namna ya kuachana, kwa kuwa yaya wa nusu siku kwa kawaida hudumu mwaka mmoja au miwili, mpaka mtoto aende chekechea. Mwezi wa kwanza, notisi ni siku saba. Baada ya hapo, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28, na anayelipwa kwa siku au kwa wiki siku nne. Akishatimiza miezi sita huwezi kumwachisha bila sababu halali na utaratibu. Akishatimiza miezi 12, na ni wewe unayemwachisha, tena si kwa utovu wa nidhamu, unamlipa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili. Kwa mshahara wetu wa 80,000, ukiugawa kwa siku 26, ni kama 21,500 kwa mwaka. Sahani iliyovunjika haikatwi kimyakimya: lazima kosa liwe lake, umweleze kwa maandishi, umpe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Akiona ameonewa katika kuachishwa, ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa madai mengine ana siku 60.

Na siku ya mwisho mpe cheti cha utumishi. Kifungu cha 44 kinakitaka, na katika wilaya hizi sijui waajiri wa majumbani wanaokitoa. Iandikwe alianza lini, aliishia lini, alilea mtoto wa umri gani, kwa saa ngapi. Ana namba ya NSSF yenye michango ya miezi 20 au 24, na pensheni inataka miezi 180. Atakayemwajiri baada yako, Mbulu au Arusha, anaendelea kulipia kwenye namba ileile, na hana haja ya kumfungulia nyingine.